Watatu Nyuma au Wanne: Mfumo wa Mtibwa Sugar na Ardhi Yake

Tangu Mtibwa Sugar iliposhuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2023/24, baada ya kudumu katika Ligi Kuu ya Tanzania Bara kwa zaidi ya robo karne, na hata baada ya kurejea mwaka 2025, suala moja limekuwa likirudi katika midomo ya wapenzi wa kandanda wa Morogoro, nalo limezaa mkanganyiko mwingi kuliko mwanga: je, timu hiyo ipangwe na mabeki watatu au wanne, na je, itandaze pasi fupi au ipige mipira mirefu? Mmoja hudai kwamba timu ilishuka kwa kuwa haikuwa na watu wa kutosha katikati. Mwingine hushikilia kwamba ilishuka kwa kuacha mawinga wake. Wa tatu husema makocha wameiga mambo ya Ulaya yasiyoafiki kiwanja cha Manungu. Wote hutaja tarakimu, 4-4-2, 4-3-3, 3-5-2, kana kwamba ni dawa ambayo kila mgonjwa akiinywa atapona, ilhali ni nadra kumsikia anayeuliza dawa hiyo ilitungwa kwa maradhi gani. Makala haya yanakusudia kuzieleza hoja za kila upande kwa insafu, kupima nguvu na udhaifu wake, kisha kutoa hukumu inayoihusu timu hii hasa, yenye viwanja hivi na vijana hawa, wala si timu nyingine yoyote.

Asili ya tarakimu

Mpangilio wa zamani kabisa uliokubaliwa na wengi ulikuwa wa mabeki wawili, viungo watatu na washambuliaji watano, na wachezaji walipoanza kuvaa namba mgongoni, namba hizo zilihesabiwa kutoka nyuma kwenda mbele kwa kufuata mpangilio huo. Ndiyo maana hadi leo shabiki wa Morogoro akisema “namba mbili” humaanisha beki wa kulia, na akisema “namba tatu” humaanisha beki wa kushoto, hata kama mchezaji mwenyewe amevaa jezi namba 27. Na “namba sita”, “namba nane” na “namba kumi” zimekuwa majina ya kazi kuliko majina ya nguo. Lugha yetu imehifadhi historia ambayo wengi waitumiao hawaijui.

Mwaka 1925 sheria ya kuotea ilibadilishwa, ikawa mshambuliaji anahitaji wapinzani wawili tu baina yake na mstari wa goli badala ya watatu, na magoli yakaanza kumiminika. Ndipo Herbert Chapman wa Arsenal alipomrudisha kiungo wa kati nyuma akawa beki wa tatu. Brazil ilipotwaa Kombe la Dunia mwaka 1958 ilikuwa imeongeza beki wa nne, na winga wake Mário Zagallo alikuwa akirudi kusaidia katikati kila mpira ulipopotea. Mwaka 1986, nchini Mexico, Carlos Bilardo wa Argentina akarudi kwa watatu, kwa hoja kwamba wapinzani wengi walikuwa na washambuliaji wawili tu, hivyo mabeki wanne walikuwa ni israfu ya mtu mmoja.

Historia hiyo fupi yatosha kuonyesha kwamba kila mfumo ulizaliwa kuwa jawabu la dhiki mahususi. Tena tarakimu ni picha ya timu ikiwa imesimama tu. Mfumo wa 3-5-2 hugeuka kuwa 5-3-2 mara mpira unapopotea, na 4-3-3 hugeuka kuwa 4-5-1 mawinga wakirudi. Kwa hiyo mabishano mengi ya vijiweni ni ya watu wawili wanaotazama timu ile ile, mmoja ikiwa na mpira na mwenzake ikiwa haina.

Hoja ya watatu

Watetezi wa mabeki watatu wana hoja ya hesabu. Wapinzani wakishambulia kwa watu wawili, beki wa tatu hubaki huru, naye huwa auni ya wenzake: akipitwa mmoja, yupo wa kuziba. Mbele yao kuna watu watano, hivyo katikati ya uwanja hapakosi mtu wa kupokea pasi, na bado wanasalia washambuliaji wawili wanaoweza kuwahangaisha mabeki wa kati wa upande wa pili. Kwa timu ambayo aghalabu hupambana na vilabu vyenye mali nyingi kuliko yenyewe, kuwa na mtu wa ziada mbele ya lango ni faraja isiyodharaulika.

Lakini kiwanja cha kawaida kina upana wa mita 68. Mabeki watatu wakiugawana upana huo sawasawa, kila mmoja anapewa takribani mita 23 za kulinda. Wanne wakiugawana, kila mmoja anapewa mita 17. Tofauti hiyo ya mita sita ndiyo njia anayopita winga mwenye kasi. Ili kuiziba, watu wawili wa pembeni, ambao katika mfumo huu hawana wa kusaidiana nao mbele wala nyuma, wanalazimika kukimbia uwanja mzima wa mita 105 kwenda na kurudi kwa dakika 90. Wakichoka, hubaki nyuma, na timu inakuwa na mabeki watano waliojipanga mita 13 na ushei baina yao, salama kwa nje, illa washambuliaji wake wawili wametengwa mbele kama watu waliosahauliwa ng’ambo ya mto. Na mechi nyingi za Ligi Kuu huchezwa alasiri, saa kumi, jua likiwa bado kali katika mabonde ya Morogoro.

Kuna sharti la pili ambalo halitajwi sana. Mfumo huu unahitaji mabeki wa kati watatu walio hodari, wanaozoeana, na angalau mmoja wao awe na utulivu wa kutoka na mpira miguuni. Yanga ya Nasreddine Nabi, iliyofika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2023, iliwahi kuwaanzisha pamoja Dickson Job, Bakari Mwamnyeto na Ibrahim Hamad “Bacca”, na matokeo yake yaliwavutia wengi. Lakini Job alikuwa mtoto wa Mtibwa kabla hajawa wa Yanga. Klabu inayonunua mabeki inaweza kukusanya watatu wa namna hiyo. Klabu inayowauza, ni kwa bahati tu kwamba wawili watakomaa katika msimu mmoja.

Hoja ya wanne, na aina zake

Wanaotetea mabeki wanne hawako kitu kimoja, na hapo ndipo mabishano yanapozidi kuchafuka. Wa kwanza hutaka 4-4-2, ambao sifa yake kuu ni wepesi wa kufundishika: kila mchezaji ana jirani, kila upande una watu wawili, na kijana wa miaka 19 anaweza kuijua kazi yake baada ya majuma machache ya mazoezi. Kasoro yake ni dhahiri. Wapinzani wakiweka viungo watatu katikati, wawili wa kwetu hukimbizana na kivuli, na timu hulazimika ama kurudi nyuma sana ama kumshusha mshambuliaji mmoja, ambapo tayari si 4-4-2 tena.

Wa pili hutaka 4-3-3, mfumo unaopendeza macho kwa kuwa na mawinga wawili na viungo watatu, na unaoafiki hamu ya mashabiki ya kuona timu yao ikiutawala mchezo. Bei yake ni namba sita mmoja mwenye kipaji adimu, anayesoma hatari kabla haijafika, anayekaba peke yake mbele ya mabeki wawili wa kati wakati namba mbili na namba tatu wamepanda. Akikosekana huyo kwa kadi au kwa jeraha, nyumba yote huvuja.

Wa tatu hutaka 4-2-3-1. Hawa hulaumiwa kwamba ni waoga, kwa kuwa huweka viungo wakabaji wawili na mshambuliaji mmoja. Lawama hiyo si ya haki. Viungo wawili wakisimama mbele ya mabeki wanne, mabeki wa pembeni hupata idhini ya kupanda, kwa sababu akipanda mmoja, kiungo wa upande wake huteremka kuziba. Na namba kumi akiwa nyuma ya mshambuliaji, timu huwa na watatu katikati bila ya kuwa na mmoja anayebeba mzigo wa wote. Udhaifu wake wa kweli uko kwingine: mshambuliaji wa peke yake hupigana na mabeki wawili, na kama namba kumi ni mvivu wa kuingia ndani ya eneo la hatari, krosi nyingi nzuri hupita bila ya mtu wa kuzigusa.

Pasi fupi au mpira mrefu

Suala la mtindo huchanganywa na suala la mfumo, ingawa ni mambo mawili. Timu inaweza kupiga mipira mirefu ikiwa na mabeki wanne au watatu, na inaweza kucheza kampa kampa tena kwa mpangilio wowote. Kinachoamua zaidi ni ardhi.

Mtibwa ina makao mawili, na kila moja liko chini ya milima yake. Uwanja wa Manungu uko Turiani, wilaya ya Mvomero, katikati ya mashamba ya miwa yaliyoipa timu jina la Wakata Miwa, nao uko karibu na Milima ya Nguru; Uwanja wa Jamhuri uko Morogoro mjini, chini ya Uluguru, takribani kilomita 100 kutoka Turiani. Milima yote miwili hunasa mawingu yatokayo Bahari ya Hindi, na mvua inayolisha miwa na mito ndiyo hiyo hiyo inayolowesha viwanja. Vuli hunyesha ligi ikiwa changa, na masika hunyesha kuanzia Machi, ambapo ligi inaelekea lala salama na kila pointi ina uzito wa dhahabu.

Katika uwanja uliolowa, pasi ya chini husimama kabla ya kufika, na beki anayejaribu kutoka taratibu na mpira hunyang’anywa mbele ya lango lake. Januari 2022 Simba, ikiwa bingwa mtetezi, iliondoka Manungu na sare ya bila kufungana, na tangu hapo baadhi ya mashabiki wamejenga itikadi kwamba Manungu yenyewe ni beki wa tano, kwa hiyo timu isihangaike na pasi: ipige mbele, igombee, ipore, ipate kona. Hoja hiyo ina nguvu siku ya mvua. Mpira mrefu hauhitaji ardhi nzuri, huwaondolea mabeki hatari, na humlazimisha mpinzani mwenye ufundi acheze mchezo asioupenda.

Lakini ligi yenye timu 16 humpa kila mshiriki mechi 30, na 15 kati ya hizo ni za ugenini. Mtindo unaofaa matope ya nyumbani tu hauwezi kutegemewa Dar es Salaam kwenye nyasi zilizokatwa, wala Mbeya, mji ulio mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako mchezaji aliyezoea mita 500 za Morogoro hutafuta pumzi mapema na mpira hupaa mbali zaidi ya alivyokusudia mpigaji. Hata nyumbani mvua haikai msimu mzima. Anayejenga timu yake juu ya matope hujenga juu ya mechi chache.

Kuna jambo ambalo pande zote mbili hulipuuza, nalo kwa maoni ya mwandishi ndilo kiini cha maudhui yote. Mpira mrefu una faida pale tu ambapo viungo wako karibu na mshambuliaji, ili mpira ukidunda baada ya kugombewa kwa vichwa uangukie miguuni mwa mwenzetu. Pasi fupi nazo zina faida pale tu ambapo mpokeaji yuko karibu. Arrigo Sacchi alipoijenga Milan ya mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa 4-4-2 ya kawaida, alichowafundisha wachezaji wake usiku na mchana kilikuwa umbali: beki wa mwisho na mshambuliaji wa kwanza wasiachane zaidi ya mita 25 hivi. Timu yenye safu zilizoachana hufungwa kwa mfumo wowote. Mashabiki wanaosema Mtibwa iliyoshuka haikuwa na watu katikati yamkini waliona sawasawa, lakini sababu waliyoitoa ni ya tarakimu, ilhali pengo la katikati huja pale mabeki wanaporudi kwa hofu na washambuliaji wanapobaki mbele kwa tamaa. Ukiongeza kiungo mmoja katika pengo la mita 40, umeongeza mtu mmoja wa kuchoka.

Vijana wanaoondoka

Mtibwa iliyokuwa bingwa wa nchi mwaka 1999 na 2000 haikuwa na mashaka ya leo. Morogoro, mji kasoro bahari, ulikwisha kuijua ladha ya ubingwa kwa klabu ya Mseto mwaka 1975, na klabu ya Reli ilikuwa imejipatia lakabu ya Kiboko ya Vigogo. Mtibwa ikaja na nguvu ya kiwanda cha sukari, ajira na makazi, ikawafanya wachezaji wakae. Mecky Maxime, beki na nahodha, ni mfano wa zama hizo: aliichezea, akaiongoza, kisha akawa kocha wake.

Zama zimebadilika. Mwaka 2016 Simba iliwachukua kwa pamoja Shiza Kichuya, Mzamiru Yassin na Mohamed Ibrahim, yaani winga na viungo wawili, takribani moyo mzima wa ushambuliaji wa Mtibwa. Mwaka huo huo Maxime akaenda Kagera Sugar. Salum Mayanga aliyemrithi akateuliwa kuinoa Taifa Stars mapema mwaka 2017. Mzigo ukaangukia kwa Zuberi Katwila. Hassan Dilunga akafuata njia ya Simba mwaka 2018. Kibwana Shomari akaenda Yanga mwaka 2020, Dickson Job Januari 2021, na mlinda mlango Abutwalib Mshery Januari 2022. Klabu ambayo imetoa beki wa pembeni, beki wa kati, mlinda mlango, winga na kiungo kwa vilabu vikubwa vya nchi ndani ya miaka sita haina upungufu wa vipaji wala wa walimu. Ina upungufu wa muda.

Na bado, katikati ya msukosuko huo, Katwila aliipa Mtibwa Kombe la Shirikisho la Azam mwaka 2018 kwa kuishinda Singida United magoli 3-2 mjini Arusha. Ushindi huo ni hoja nzito kuliko mabishano mengi, kwa sababu ulipatikana baada ya kuondoka kwa makocha wawili na wachezaji watatu wa thamani, na unathibitisha kwamba kikosi cha vijana wenye kazi zinazoeleweka kinaweza kufidia upungufu wa majina.

Hapa ndipo uchumi unapoingia katika mbinu. Mfumo unaotegemea mtu mmoja adimu, awe namba sita wa 4-3-3 au beki wa pembeni mwenye mapafu makubwa wa 3-5-2, humgeuza mtu huyo kuwa bidhaa ya kwanza kununuliwa na jeraha la kwanza kuuma. Mfumo unaogawa kazi baina ya wawili hupungua nusu tu anapoondoka mmoja. Tena vipaji ambavyo ardhi hii imevitoa kwa wingi ni vya pembeni na vya katikati: Kichuya, mzaliwa wa Morogoro, alimfunga mlinda mlango wa Yanga kwa kona ya moja kwa moja Oktoba 2016, na Kibwana huweza kucheza namba mbili na namba tatu bila ya kubabaika. Kuchagua mfumo usio na winga kwa klabu inayozaa mawinga ni kuacha shamba lenye rutuba likaota magugu.

Mizani

Hoja zote zikiwekwa mizanini, mwandishi anaegemea upande wa mabeki wanne na viungo wawili mbele yao, 4-2-3-1, uwe ndio msingi unaofundishwa kuanzia kikosi cha vijana hadi cha wakubwa, ili kocha mpya akifika aukute, na kijana akipandishwa badala ya aliyeuzwa asianze kujifunza alifu. Siku Manungu inapolowa, namba kumi asogee akawe jirani wa mshambuliaji, timu ipige mbele haraka na viungo wawili wasogee hatua chache kuwinda mipira inayodunda. Hiyo ni 4-4-2, na hakuna mchezaji aliyebadilishiwa kazi zaidi ya mmoja. Siku ya Dar es Salaam, mawinga washuke sambamba na viungo, timu ijikunje mita 30 kutoka lango lake, na mategemeo yawe kasi ya pembeni na mipira iliyokufa. Beki wa tatu wa kati ana nafasi yake dakika ishirini za mwisho, goli moja likilindwa. Hapo ni bawabu mwema, ingawa si mwenye nyumba.

Gharama ya uchaguzi huu haifichiki. Magoli yatakuwa machache, mshambuliaji wa peke yake atapita mechi kadhaa bila ya shuti la maana, na mashabiki waliozoea kusikia sifa za 1999 watanung’unika, nao watakuwa na haki ya kunung’unika, maana watu huenda uwanjani wakitamani furaha. Wapinzani wenye viungo watatu hodari watamiliki mpira kwa vipindi virefu, na timu itahitaji subira ambayo si rahisi kwa vijana. Gharama hiyo inalipika kwa timu ambayo haja yake ya kwanza ni kukaa Ligi Kuu misimu mitatu au minne mfululizo bila ya kuvunjika.

Hukumu hii si ya milele. Ikiwa klabu itafaulu kuwashikilia kwa misimu miwili mabeki wa kati watatu wa kiwango cha Job, na pamoja nao beki wa pembeni wa aina ya Kibwana kila upande, basi hesabu ya watatu nyuma itafunguliwa upya, na yeyote atakayeipinga siku hiyo kwa kutaja matope ya Manungu peke yake atakuwa amekosea kama anavyokosea leo anayeitetea kwa kutaja Yanga.